Nalala usiku mzima lakini mchana nasinzia hadi kwenye vikao, hii ni hali gani?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, nafanya kazi ofisini upande wa mahesabu. Anti nina usingizi. Sio ule wa kusema jana nilichelewa kulala ndo maana leo nimechoka, hapana, huu ni wa kila siku na sasa unaingia mwaka wa pili, unaanza kunivuta ikifika saa nne asubuhi hivi, alafu nikishakula mchana ndo balaa lenyewe, macho yanafunga huku najisikia kabisa yanavyofunga na siwezi kuyazuia.

Juzi kwenye kikao bosi alikuwa anaelezea bajeti, mi naandika, nikashtuka mwenzangu ananigusa na kiwiko. Kumbe nimelala na kalamu mkononi. Kwenye daftari kuna neno nimeliandika nusu alafu kutoka hapo kuna mstari umeteremka kwa kupinda hadi chini kabisa ya ukurasa. Watu walicheka, bosi hakucheka, kesho yake nikapewa barua ya onyo imeandikwa "uzembe kazini". Nyumbani nako mume wangu anasema nimekuwa mvivu, eti watoto wakirudi wananikuta nimelala kwenye kochi na hata habari za shule siwaulizi. Na ni kweli wananikuta, ila Anti sio kwamba nataka.

Kilichonifanya nikuandikie ni gari. Wiki iliyopita narudi na watoto wapo nyuma, tumesimama kwenye foleni, nikasinzia mguu ukiwa kwenye breki. Nilishtushwa na honi. Tena kuna siku nafika nyumbani alafu kuna kipande cha njia sikikumbuki kabisa nilivyokipita, nimeanza kuogopa.

Usiku napanda kitandani saa nne na naamka saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo ni masaa saba na nusu, sio mabaya si ndio? Siamki hovyo, ni kwenda chooni tu mara mbili au tatu. Asubuhi mdomo umekauka na kichwa kinauma kidogo, kikifika saa tatu kinakuwa kimeshaacha chenyewe. Wikiendi nalala hadi saa nne asubuhi na bado naamka kama sijalala. Hospitali nilienda wakanipima, damu wakasema ipo ya kutosha, sukari iko sawa, presha ilikuwa 146 kwa 92 wakaniambia nitarudi waiangalie tena. Daktari akasema ni mawazo nijitahidi kupumzika, akanipa vitamini. Vitamini zimeisha, usingizi upo palepale.

Kahawa nakunywa vikombe vinne mpaka vitano na cha mwisho ni saa kumi na moja jioni ili niweze angalau kupika. Pia nina aleji ya pua, kila usiku nameza kile kidonge kidogo cha njano, ni muda sasa. Mwili nao umeongezeka tangu nimzae huyu wa pili ila sio kwamba mi mnene wa kutisha. Ah, na dada yangu alikuja akalala na mimi chumba kimoja, asubuhi ananiambia we unakoroma alafu ghafla unanyamaza kimya, nilikutikisa nikajua umekata roho. Tukacheka tukaendelea na mambo mengine. Mume wangu hajawahi kusema hivyo lakini yeye akilala amelala, hasikii kitu.

Mwenzangu kazini kasoma kuhusu ugonjwa wa watu wanaolala ghafla, unaitwa narkolepsi, anasema ndo nilio nao, hasa nilipomwambia kwamba mara mojamoja nakabwa na jinamizi. Ni kweli? Au mi mvivu kama wanavyosema? Nisaidie kabla sijapoteza kazi.

Mwenye Usingizi

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Naanza na gari maana hayo mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu ila hilo halisubiri hata kesho. Acha kuendesha. Nasema acha, sijasema punguza, mpaka utakapojua una nini na umeanza kutibiwa, watoto wapelekwe na baba yao au wapande usafiri mwingine, we mwenyewe upande na wenzako. Ile kusinzia kwenye foleni na vile vipande vya njia usivyovikumbuka ni ubongo unazima kwa sekunde chache bila kukuuliza, na macho yanaweza kuwa wazi kabisa wakati huo. Piga hesabu we mtu wa mahesabu: gari ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde nne za kuzima ni karibu mita 90 ambazo hakuna mtu anayeendesha. Kufungua kioo, kuongeza sauti ya redio, kujifinya, vyote hivyo havizuii, vinakupa dakika chache tu alafu usingizi unarudi. Mwambie mume wako hili kabla hujamwambia lingine lolote, nadhani akilisikia hilo la watoto nyuma ya gari neno uvivu litamtoka mdomoni.

Na we sio mvivu. Mtu mvivu anaijua kazi na haitaki, wewe ulikuwa unaandika kwenye kikao na mkono ukaendelea kuandika wakati kichwa kimeshaenda. Huo mstari kwenye daftari lako ungefaa umuonyeshe daktari, sitanii, unaeleza tatizo lako kuliko ile "nimechoka" ambayo nina hakika ndo neno ulilomwambia. Na hapo ndo wengi wanapotea. Ukimwambia daktari umechoka atawaza damu, atawaza mawazo, atawaza kazi nyingi, kwa sababu uchovu mtu anao huku akilala kitandani mchana usingizi hauji. Wewe ukikaa unalala. Hiyo ni hali nyingine na inachunguzwa kwa njia nyingine, kwa hiyo siku ukirudi sema wazi: nikikaa nalala bila kupenda, nimelala kikaoni, nimelala kwenye usukani.

Kuna kipimo cha maswali kinaitwa Epworth, kilitengenezwa na daktari Murray Johns kule Melbourne Australia na kikachapishwa mwaka 1991, mpaka leo kinatumika karibu kila kliniki ya usingizi. Unaulizwa hali nane za kawaida, uwezekano wa wewe kusinzia ni kiasi gani ukiwa unasoma, unaangalia tivii, umekaa kimya kwenye kikao, ni abiria kwenye gari kwa saa nzima, umejilaza mchana, unaongea na mtu, umetulia baada ya kula bila kilevi, na gari imesimama kidogo kwenye foleni. Kila moja unajipa kuanzia 0 hadi 3. Jumla kubwa kabisa ni 24 na ukizidi 10 hiyo inahesabiwa ni usingizi uliopitiliza. Kwa barua yako tu, bila hata kukuuliza zaidi, nakuona umeshapita. Kifanye, andika namba kwenye karatasi, nenda nayo.

Sasa tuje kwenye sababu. Kwa watu wengi sababu ya kwanza ni ndogo na ya kuchosha kuisikia: hawalali vya kutosha. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi kila usiku. Wewe unasema 7 na nusu, ila hayo ni masaa ya kuwa kitandani, mi nataka ya kulala. Ukipanda saa nne na simu mkononi, ukaja kuizima saa tano kasoro, ukaamka kwenda chooni mara tatu na kila mara ukakaa dakika kumi na tano kabla usingizi haujarudi, hapo unabaki na sita. Na sita kila siku sio mchezo. Kuna utafiti maarufu ulifanyika Marekani ukachapishwa mwaka 2003, watu walilazwa masaa 6 tu kwa siku 14 mfululizo, na mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu aliyekesha usiku mzima, wengine hata zaidi ya hapo, na kilichonigusa mimi ni kwamba wenyewe walijiona wako sawa tu, wanasinzia kidogo basi. Ndo maana mtu anakwambia mi nimeshazoea masaa matano. Hajazoea, kilichopotea ni uwezo wake wa kujua kwamba hajazoea.

Lakini nikuambie ukweli, kwako siamini kwamba hiyo ndo stori yote. Mwenye deni la usingizi akipewa wikiendi akalala mpaka saa nne asubuhi anaamka na nafuu fulani, hata kama deni halijaisha. Wewe unaamka kama hujalala. Maana yake masaa yapo ila usingizi wenyewe mbovu, kuna kitu kinauharibu humo ndani.

Kabla sijafika huko, hicho kidonge cha njano. Kama ndo ninachokifikiria, klorofeniramini, hiyo ni dawa ya aleji ya kizazi cha zamani, inaingia mpaka kwenye ubongo na kuleta usingizi, na haitoki mapema, unayomeza usiku unaweza kushinda nayo hadi mchana wa kesho yake. Sikwambii ndo chanzo, nakwambia inachangia na ni rahisi kuiondoa. Muulize daktari au mfamasia akubadilishie, zipo za kizazi kipya kama loratadini au feksofenadini ambazo kwa watu wengi hazileti usingizi. Na pua yenyewe itibiwe vizuri maana pua iliyoziba inakufanya upumue kwa mdomo usiku kucha. Kwa wengine mnaosoma, angalieni na nyinyi mnameza nini: dawa za kifafa, baadhi ya dawa za sonona kama amitriptilini, dawa kali za maumivu, dawa za kikohozi, nyingi zinaleta usingizi. Ila msiache dawa ya kifafa au ya akili kwa sababu mmesoma hapa, rudini kwa aliyewaandikia.

Kahawa nayo. Mchana kutwa ubongo unakusanya kemikali inaitwa adenosini, inavyozidi ndo usingizi unavyozidi, na ukilala inapungua. Kafeini haiipunguzi, inakaa tu kwenye viti vyake ili ubongo usiisikie. Na kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu, kwa hiyo kile kikombe chako cha saa kumi na moja jioni, saa nne usiku ukipanda kitandani nusu yake bado unayo damuni. Utalala ndio, ila usingizi unakuwa mwepesi, kesho unaamka hovyo, unaongeza kahawa. Mwisho wako uwe saa sita mchana.

Haya. Sasa lile ulilolitupia mwishoni mwa barua kama kichekesho, la dada yako. Mdogo wangu hilo ndo la kwanza ungetakiwa kumwambia daktari, na huenda hukumwambia kabisa. Unakoroma, alafu unanyamaza ghafla, mpaka mtu anakutikisa akidhani umekufa. Hiyo ndo sura ya apnea ya usingizi, yaani kuziba na kukatika kwa pumzi usiku. Ukilala misuli ya koo inalegea. Kwa mtu ambaye njia yake ni nyembamba, labda kwa sababu ya mafuta shingoni, au taya dogo, au tonsi kubwa, au pua iliyoziba, njia inafunga kabisa, ni kama mrija laini ukiunyonya kwa nguvu kuta zake zinavyogandana. Kifua kinahangaika kuvuta na hewa haipiti. Oksijeni inashuka. Ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo tu, sekunde tatu nne ambazo asubuhi huzikumbuki, koo linafunguka, unakoroma kwa kishindo, unaendelea. Alafu tena. Wanaohesabu wanahesabu pumzi iliyokatika kwa sekunde 10 au zaidi, au iliyopungua sana, na ikitokea mara 5 au zaidi kwa saa huku una dalili kama zako, ni ugonjwa. Kuanzia 15 ni ya kati, ikizidi 30 ni kali. Hebu zidisha 30 kwa masaa yako saba: mara 210 unaamshwa usiku mmoja na wewe unasema siamki hovyo.

Na barua yako imejaa ushahidi mwingine ambao hukuujua ni ushahidi. Mdomo mkavu asubuhi ni kwa sababu umepumulia mdomo. Kichwa kinachouma asubuhi na kuacha chenyewe baada ya masaa machache kinatajwa sana na wagonjwa hawa. Presha 146 kwa 92 kwa mwanamke wa miaka 38, apnea ni moja ya sababu zinazojulikana za presha kupanda, maana kila ukibanwa pumzi mwili unamwaga homoni za kushtuka. Hata choo cha usiku: kifua kikivuta hewa isiyopita, moyo nao unavutwa na kutanuka, unatoa homoni inayoziambia figo zitoe maji, ndo unakwenda chooni mara tatu ukidhani ni maji uliyokunywa jioni.

Najua utasema Anti mi sio mnene, na wanaokoroma ni wanaume. Hapo ndo wanawake wanakosa kutambuliwa miaka na miaka. Unene unaongeza hatari sana lakini wembamba nao wanapata, na wanawake mara nyingi hawaendi hospitali kulalamikia kukoroma, wanaenda na uchovu, maumivu ya kichwa, kukosa raha, basi wanarudishwa nyumbani na vitamini na maneno ya kupunguza mawazo. Sio ugonjwa wa watu wachache, makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalisema watu karibu milioni 936 duniani wenye miaka 30 hadi 69 wanao, na wengi wao hawajui.

Vipi kuhusu narkolepsi ya mwenzako? Upo kweli, daktari wa Kifaransa aitwaye Gélineau aliupa jina mwaka 1880, na chanzo chake kwa aina ya kwanza kinajulikana: seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali ya kutufanya tubaki macho, zimekufa. Kemikali yenyewe iligunduliwa mwaka 1998 tu. Mara nyingi unaanza ujanani, kati ya miaka 10 na 30, na dalili yake ya pekee ni kwamba mtu akicheka au akishtuka kwa furaha magoti yanalegea, taya linaning'inia, wengine wanaanguka kabisa huku akili ziko timamu. Hilo hukulitaja, kama lipo niandikie haraka na umwambie daktari. Na mwenye narkolepsi akisinzia dakika kumi na tano mara nyingi anaamka mpya kabisa kwa muda, tofauti na wewe. Jinamizi peke yake halitoshi, ile kuamka akili ipo na mwili hausogei inawapata hata watu wazima wa afya, hasa usingizi ukiwa umevurugika, na wako umevurugika. Narkolepsi inathibitishwa kwa kipimo cha mchana, unalazwa mara nne au tano kila baada ya masaa mawili, wanaangalia unalala kwa haraka kiasi gani na kama unaingia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto, ambao mtu wa kawaida anaufikia baada ya dakika kama 90. Kwa hiyo mwenzako hajaongea upuuzi, ila mi ningeanza na koo.

Mengine nayapitia haraka ili daktari asiyasahau. Tezi ya shingo ikiwa dhaifu inaleta usingizi na kuongezeka mwili, ni kipimo cha damu tu. Miguu je, jioni ukikaa inakusumbua unataka kuichezesha ndo inatulia? Kama ndio waombe wapime akiba ya madini ya chuma, maana damu inaweza kuwa ya kutosha na akiba ikawa imekwisha, hawapimi mpaka uombe. Mimba, usiicheke, miezi ya mwanzo inalaza watu hasa. Sonona nayo kuna wanaolala nayo sana badala ya kukosa usingizi, na mi sitaki uniambie huna mawazo, mtu mwenye barua ya onyo na mume anayemuita mvivu lazima awe nayo, ila usikubali mawazo yawe jibu la kila kitu. Kuna wanaofanya kazi za shifti za usiku, hao mwili wao unalazimishwa kulala mchana wakati saa ya ndani inasema amka, wanapungukiwa masaa kila siku. Na kwa mtu aliyekaa sehemu zenye mbung'o, akawa na homa za kurudiarudia, usiku halali na mchana analala, malale lazima yapimwe, hiyo haitibiwi kwa vitamini wala kahawa.

Sasa fanya hivi. Leo usiku weka simu kwenye meza ya kitanda irekodi sauti, alafu mwombe mume wako usiku mmoja tu aweke alamu ya saa tisa usiku akuangalie dakika ishirini, saa hizo ndo usingizi wa ndoto unakuwa mwingi na koo linalegea zaidi, na lala chali hiyo siku ili aone hali ikiwa mbaya. Arekodi video. Asikuamshe, ahesabu ukimya una sekunde ngapi. Nakwambia mwanaume akishasikia mwenzake amekata pumzi kwa sekunde ishirini gizani hatarudia tena maneno ya uvivu. Kwa wiki mbili andika saa ya kuzima simu, saa ya kuamka, mara ngapi choo, wapi umesinzia mchana. Ukienda hospitali nenda na video, na hilo daftari, na ile namba ya Epworth, na uombe kwa maneno haya: nataka kupimwa usingizi. Kuna cha kulala hospitali umefungwa waya kichwani na kifuani, na kuna kidogo cha nyumbani, mkanda kifuani, kimrija puani, na kidude cha oksijeni kidoleni. Kwa unayoyaeleza hata hicho cha nyumbani kinaweza kutosha kuanzia. Kama hospitali yako hawana, waombe rufaa kwa daktari wa pua na koo, au wa mapafu, au wa mishipa ya fahamu, mmoja wao atakuwa anajua pa kukupeleka.

Ikionekana ndo yenyewe, inatibika. Tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisifunge, inaitwa CPAP, aliibuni daktari Colin Sullivan wa Sydney na matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 1981. Siku za mwanzo inakera, barakoa inaacha alama, unaona kama unapumulia upepo, wengi wanaitupa kabatini wiki ya kwanza. Usiitupe, rudi wakubadilishie saizi. Wengine ambao hali sio kali wanapewa kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya mbele. Kulala ubavu kunasaidia, pombe na dawa za usingizi ziache kabisa maana zinalegeza koo zaidi, tena usije ukadanganywa umeze dawa ya usingizi eti ili ulale vizuri, kwako ni hatari. Na kupungua mwili kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, utafiti wa Wisconsin wa mwaka 2000 ulionyesha anayepungua asilimia 10 ya uzito pumzi zinazokatika zinapungua kama asilimia 26. Ila sikutumi ukahangaike na uzito kwanza, mtu anayesinzia hana nguvu ya mazoezi, tibiwa usingizi na uzito tutauongelea ukiwa macho.

Mpaka hapo ukifika, mchana ukizidiwa lala dakika 20 kwa alamu wakati wa mapumziko, usizidishe maana ukizama zaidi unaamka umelewa, na iwe kabla ya saa tisa. Kikaoni simama nyuma, waambie mgongo unauma kama unaona aibu.

Kuhusu bosi, usikae kimya na hiyo barua. Ijibu kwa maandishi, kwa adabu, usijitetee sana, sema una tatizo la kiafya linalokufanya usinzie, umeanza uchunguzi, na utaleta barua ya daktari. Alafu kweli uilete, hata kama ni ya kusema tu kwamba unachunguzwa, na ubaki na nakala yako. Huwezi kuwazuia kukuandikia lakini faili lako lisiwe na neno uzembe peke yake wakati una presha na pumzi inayokatika. Na hiyo presha usisubiri wakuite, nenda kapime wiki hii.